Siku Moja Rusumo

Ndugu msomaji, ukisema hapa Babati kwamba unasafiri kwenda kutazama maporomoko ya maji, watu watakuuliza unakwenda Moshi lini. Wanayajua ya Materuni na Kinukamori, maana ndiyo yanayopigwa picha. Mimi nilipomwambia kondakta pale stendi kuwa naelekea Ngara, mpakani mwa Rwanda, kutazama maji ya Rusumo, alinikazia macho kama mtu aliyepotea njia. "Siku mbili barabarani kwa ajili ya maji? Si Ziwa Babati hilo hapo, tena na viboko wa bure?" Nikacheka, nikalipa nauli.

Sababu yangu ilikuwa mjomba. Mjomba anaziba pancha kando ya barabara ya Singida. Kabla ya hapo alikuwa utingo wa malori miaka tisa. Ukikaa naye jioni atakusimulia barabara nzima bila kuruka kituo: Katesh na baridi ya Hanang, mlima wa Sekenke ambako alikuwa anatembea nyuma ya lori kashika jiwe, tayari kulitia chini ya tairi gari likishindwa, halafu mbuga ya Wembere wakati wa masika, lori moja linazama kwenye udongo mweusi na nyuma yake yanalala mengine thelathini. Anasimulia kwa mikono, kwa kelele za injini, watoto wanacheka. Lakini akishafika Benako, kambi ya wakimbizi ya Ngara, anakatisha. "Tukashusha mzigo, tukarudi." Sentensi hiyo nimeisikia tangu utotoni, haijapata kuongezeka neno. Na kitu kingine: mjomba hali sangara. Perege wa Ziwa Babati anakula hadi mifupa, sangara hataki hata harufu yake.

Mimi nimezaliwa baada ya mambo yale. Shuleni tulipewa aya mbili tatu juu ya Rwanda, tukaandika, tukafanya mtihani, tukasahau. Ndiyo maana nikaona heri niende nikapaone mwenyewe.

Kwanza niseme Babati inaingiaje katika habari hii. Mwaka 1994 Manyara haikuwapo. Mkoa huu ulianzishwa 2002, na Babati ilikuwa wilaya mojawapo ya Arusha. Mji ulikuwa mdogo, vumbi tupu, lakini ulikuwa njia panda kama ulivyo leo: huku Arusha, huku Kondoa na Dodoma, huku Singida. Wakimbizi walipojaa Ngara, chakula chao kingi kilipita kwa reli hadi Isaka, kikamaliziwa kwa malori. Lakini mahindi na maharage mengine yalitoka huku kaskazini, na lori la kina mjomba lilikuwa kati ya yaliyokodiwa. Mama anasema usiku yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, kikombe kinatetemeka mezani, na watoto wa mtaani walijua kuhesabu matairi kabla ya kujua kusoma. Nchi jirani inaungua, na sisi tulichokiona ni vumbi la malori yanayopeleka unga.

Safari yenyewe sina haja ya kuieleza sana. Siku hizi ni lami tupu. Sekenke tuliipita abiria wamelala, nikajikuta natafuta kwa macho mtu mwenye jiwe mkononi. Nililala Kahama, kesho yake nikaendelea, na siku ya pili jioni nikashuka Benako.

Benako! Nilikuwa nimejitayarisha kuona kitu. Nikakuta senta ya kawaida ya barabarani: malori yameegeshwa, chipsi mayai, vocha, mbuzi wanakatiza. Jina lenyewe ni la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi hapo. Mei 1994, wiki chache tu baada ya watu kuvuka, ilikuwa inasemwa kwamba baada ya Dar es Salaam hakuna mji mkubwa Tanzania kuliko Benako. Mji wa maturubai ya bluu. Niliuliza yalikuwa wapi, kijana mmoja wa rika langu akanionyesha kwa kidevu vilima vya mbele. "Kote huko." Vilima vina migomba sasa.

Asubuhi nikapanda gari hadi Rusumo. Na hapa lazima niwe mkweli, msomaji asije akanilaumu: kwa macho ya mtalii, maporomoko yale si makubwa. Urefu wake ni kama mita 15. Kalambo kule Rukwa yanazidi mita 200. Mto Kagera unakuja mpana, wa kahawia, umetoka tu kukutanisha maji ya Ruvubu kutoka Burundi na ya Nyabarongo kutoka Rwanda. Unabanwa na miamba, unajirusha chini kwa hasira, unapita chini ya daraja na kuendelea zake kuelekea Ziwa Viktoria. Sehemu ya maji siku hizi inapitishwa kwenye mtambo wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa sawa kwa nchi tatu. Nilisimama pale daftari mkononi, na sauti ya malori ilikuwa inashindana na sauti ya maji. Nilipotoa simu nipige picha, askari mmoja akaniambia kwa upole niirudishe mfukoni, hapa ni mpakani. Nikairudisha.

Mzee mmoja Mhangaza, niliyekunywa naye chai upande wetu wa mto, alinifanya nicheke. Kwa lugha yao, na kwa Kinyarwanda ng'ambo, isumo ndiyo maporomoko. Kwa hiyo sisi tunaosema "maporomoko ya Rusumo" tunasema maporomoko ya maporomoko. Kwa mzee huyo mto haujawahi kuwa ukuta. "Wa huku na wa kule tunasikilizana," alisema. "Tumeoana. Mpaka umekuja na karatasi."

Karatasi hizo zina historia yake. Mwaka 1892 Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, alipita kwetu, Ziwa Manyara, na mwaka huohuo akagusa Rwanda kwa upande wa Burundi, akakaa siku chache tu. Aliyekuja kwa kishindo ni Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen. Alianzia Pangani mwishoni mwa 1893 na msafara wa wapagazi na askari, na tarehe 2 Mei 1894 akavuka Kagera hapa Rusumo. Mwezi huohuo akaonana na mwami Kigeli Rwabugiri, mfalme ambaye hakuwa na habari kwamba kwenye ramani za Ulaya nchi yake ilikwisha hesabiwa ya Wajerumani. Götzen huyuhuyu ndiye aliyekuwa gavana wetu Vita vya Maji Maji vilipoanza 1905. Nilipoyaunganisha mambo hayo mawili nilijiona mjinga. Miaka yote nilidhani ni watu wawili.

Wajerumani walipofukuzwa katika Vita Kuu, Wabelgiji wakachukua Rwanda na Waingereza wakachukua Tanganyika. Lakini Waingereza walikuwa na ndoto ya reli ya kutoka Kepu hadi Kairo, wakataka ipite kwenye ardhi yao tupu, basi mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakamegewa Gisaka, yaani upande ule wa mashariki wa Rwanda ninaoutazama kutoka darajani. Mwami Musinga akalalamika. Kufikia 1924 ilikuwa imerudishwa, na mto ukawa mpaka. Fikiria, ndugu yangu: ile reli ingejengwa, watu waliouawa pale ng'ambo mwaka 1994 huenda wangekuwa Watanzania, wanasoma madaftari yaleyale tuliyosoma sisi.

Daraja la kwanza la magari, lenye njia moja tu, lilimalizika 1972. Hili la sasa, pana, lilijengwa kwa msaada wa Japani, na Rais Magufuli na Rais Kagame walilizindua tarehe 6 Aprili 2016. Magari yakifika hapa hubadilishana upande, maana sisi tunaendesha kushoto na wenzetu kulia. Saa nazo hupishana kwa saa moja.

Tarehe 6 Aprili. Siku kama hiyo mwaka 1994 Rais Habyarimana alikuwa kwetu, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa marais wa kanda juu ya amani, amani ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha Agosti 1993. Jioni akapanda ndege kurudi Kigali, na ndege ikatunguliwa. Mauaji ya Watutsi, na ya Wahutu waliokataa kuua, yakaanza usiku uleule. Huku mashariki, katika wilaya ya Rusumo, kuna kanisa la Nyarubuye. Watutsi walikimbilia humo wakidhani kanisa ni kanisa. Katikati ya Aprili waliuawa humo kwa maelfu.

Halafu ukaja wakati wa daraja. Jeshi la RPF lilipokaribia mpaka, tarehe 28 Aprili walinzi wa upande wa Rwanda wakaondoka, na watu wakaanza kuvuka. Katika muda wa kama saa 24 walivuka takriban 250,000. Ilibaki siku nne kutimia miaka mia tangu Götzen avuke. Askari wetu waliwanyang'anya silaha, na mapanga yakarundikwa kando ya barabara kama kuni. Ipo picha ya lundo hilo. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara najiuliza ni mapanga mangapi yalikuwa ya kulimia tu.

Maana hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo vitabu vyetu vya shule vinapopita mbio. Siku zilezile watu wanapita juu ya daraja, chini yake maji yalikuwa yanaleta maiti. Waandishi wa habari walisimama wakazihesabu, moja baada ya nyingine, zinaanguka kwenye maporomoko, zinazunguka, zinaondoka. Waliokuwa majini wengi walikuwa Watutsi. Waliokuwa darajani wengi walikuwa Wahutu, na kati yao walikuwamo waliowatupa wale wa chini, na walikuwamo wengine wengi ambao hawakuua mtu, mama na mtoto mgongoni, sufuria kichwani, wanakimbia kwa sababu kila mtu anakimbia. Ukisimama darajani ungewatenganishaje?

Mto ulizipeleka maiti hadi Ziwa Viktoria. Upande wa Uganda wavuvi na wanavijiji walizivuta ufukweni na kuzizika, zaidi ya 10,000, na makaburi yapo hadi leo Kasensero, Lambu na Ggolo. Watu wakaacha kula samaki. Nilipolisoma hilo nikaelewa habari ya mjomba na sangara, bila ya yeye kuniambia.

Kule Benako serikali yetu na mashirika ya misaada waliwapanga watu kwa wilaya walizotoka, jambo la busara ukilitazama juujuu, kwa maana majirani watasaidiana. Lakini wakuu wa wilaya walikuja pia. Sylvestre Gacumbitsi, burugumesita wa Rusumo, alikuwa Benako, na watu wake wakimzunguka. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa burugumesita wa Murambi, umati ukawazingira wafanyakazi wa misaada, na hao wakaponea chupuchupu. Wote wawili walihukumiwa baadaye na ile mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha hadi 2015. Gacumbitsi alikamatwa hapahapa Tanzania mwaka 2001. Alipewa miaka 30 mwaka 2004, na rufani ya 2006 ikaifanya kifungo cha maisha. Gatete alipewa maisha mwaka 2011, rufani ikampunguzia hadi miaka 40.

Kwa hiyo mahindi ya Babati yaliliwa na nani? Swali hili lilinikaa kooni pale kwenye meza ya chai. Mjomba alibeba magunia yale mgongoni. Yalilisha watoto, hilo ni hakika. Yalilisha na watu wa Gacumbitsi.

Mzee Mhangaza hakutaka kulizungumza hivyo. Yeye alikumbuka miti. Vilima vilibaki kipara, alisema, na mama zao walianza kutembea nusu siku kutafuta kuni. Alikumbuka pia kwamba ndizi ziliuzika kama hazijapata kuuzika. "Tuliwachoka," alisema, "halafu walipoondoka tukakaa kimya wiki nzima. Hata mbwa hawakubweka."

Nilirudi Benako jioni, nikaoga, nikampigia mjomba. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza nipo wapi. Nikamwambia nimetoka Rusumo, nimesimama darajani. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Upo, mpwa?"

"Nipo, mjomba."

Kisha akaanza kuzungumza, na kwa mara ya kwanza hakusema tukashusha mzigo, tukarudi.

Palikuwa na mama mmoja Mnyarwanda, alisema, alipika uji karibu na mahali wanaposhushia. Kina mjomba wote walikunywa kwake. Alikuwa na watoto wawili wa kike, na Kiswahili alikijifunza kwa matusi ya madereva, hata akawa akimshukuru mtu kwa neno baya bila kujua, nao wanacheka. Miaka miwili na nusu walimzoea. Desemba 1996 walikuja na maharage wakakuta barabara imejaa watu, wanatembea kuelekea ndani ya Tanzania, si kuelekea Rwanda. Ilikuwa baada ya tangazo. Tarehe 5 Desemba serikali ya Rais Mkapa, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31. Wengi waliogopa, katikati ya mwezi wakayaacha makambi wakakimbilia mashariki. Jeshi likawakinga, likawageuza. Karibu nusu milioni walivushwa mwezi ule, wengi wao kwa daraja hilihilo walilojia.

Yule mama aliwaona, akaja mbio. Akamwomba mjomba awafunike yeye na watoto chini ya turubai hadi Kahama. Basi, Kahama tu. Lori lilikuwa tupu. Dereva alikuwa kalala kwenye kibanda.

"Nikamwambia askari watatukamata," mjomba alisema. "Na kweli vizuizi vilikuwapo. Lakini si hilo, mpwa. Turubai lile nilikwisha pitisha nalo vitu vingi. Nilikuwa namtazama, nikajiuliza mumewe yuko wapi. Hajapata kunitajia mume. Nikajiuliza mumewe alifanya nini kule. Basi. Hilo tu."

"Akasema nini?"

"Alinishukuru. Kwa lile neno letu."

Sikujua la kumjibu, na nyie mnaonisoma mtanisamehe kama sijui hata sasa. Nchi hii mwaka 1980 iliwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000, wakimbizi wa tangu miaka ya sitini, na 1983 Mwalimu Nyerere akapewa Nishani ya Nansen kwa ukarimu wake kwa wakimbizi. Machi 1995 nchi hiihii ikafunga mpaka wake na Burundi, na mwaka uliofuata ikatoa siku 26. Wapo wanaosema Mkapa hakuwa na njia nyingine, makambi yalikuwa yamekuwa ngome za wauaji, na mimi hilo nalikubali. Mtu aliyesoma habari za Nyarubuye hawezi kulipuuza. Lakini siku 26 hazitoshi kumchambua Gacumbitsi na muuza uji. Na angalia jinsi ilivyotokea: mama yule akavushwa, ama kwa hiari ama kwa kusukumwa, na mkubwa wa Nyarubuye akabaki nchini mwetu miaka mingine minne na zaidi kabla ya kushikwa. Sisemi tulikuwa wabaya kuliko wengine. Nasema mjomba wangu, utingo wa miaka ishirini na kitu, alitakiwa aamue peke yake nyuma ya lori jambo ambalo serikali na Umoja wa Mataifa walishindwa kuliamua.

Nilimwuliza jina la yule mama, nikifikiri labda ningeweza kuulizia ng'ambo, ni kilomita chache tu. Mjomba akasema hakuwahi kulijua. Walimwita Mama Uji.

Halafu akauliza kama daraja lile jembamba bado linatumika. Nikamweleza juu ya hili jipya, pana, la njia mbili. Akauliza maji yana rangi gani siku hizi.

"Ya kahawia," nikamwambia. "Tope."

"Ndivyo yalivyokuwa," akasema. Nikasikia mtu anamwita, lori limefika pale kwake na tairi bovu. Akaniaga, akaenda.